Mapovu Niliyoyatoa

Mimi ni nesi, na nimechoka. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akakaa mkao wa kusikiliza habari za wito na moyo wa huruma. Miguu imechoka, mgongo umechoka, na masikio yamechoka kuliko vyote. Nakaa Kilole, hapa Korogwe, naamka kwa adhana ya alfajiri, nachemsha chai, natembea mpaka hospitalini. Hospitali yenyewe siitaji, kwa sababu kosa ninalotaka kulisimulia ni langu mimi, si la jengo wala la ubao uliopo getini. Nimebakiza mwaka mmoja na ushee nistaafu, na kila anayenipongeza kwa hilo namwambia asante, ila asiniulize mengi.

Kuna jambo moja ambalo mikono yangu inalijua kuliko hata kichwa changu. Ukishavuta dawa kwenye bomba la sindano, unaliinua juu litazame dari, unaligonga kwa ukucha mara mbili tatu, mapovu yanapanda, unasukuma taratibu mpaka tone moja litokeze. Hapo hewa imetoka, na hapo ndipo unamgusa mgonjwa. Mwalimu wetu wa chuo, mama mmoja mkali ajabu, alikuwa akikuona umesahau anakupiga rula ya vidole mbele ya wenzako. Alisema hewa ikiingia kwenye mshipa, mgonjwa atakufia mkononi, na utamwona usiku na mchana mpaka na wewe ufe.

Tena si manesi peke yetu. Huku kwetu hata bibi asiyejua kusoma herufi anaijua habari ya hewa. Mtu analeta mjukuu, mtoto anatundikiwa dripu, kiputo kimoja kidogo kama punje ya mtama kinaonekana kwenye mpira, basi wodi nzima inalipuka. "Sista, hewa! Sista, hewa!" Unaacha ulichoshika, unakimbia, unakuta kiputo chenyewe hata chawa hakimdhuru. Nusu ya uchovu wangu ni hiyo hewa.

Sasa tulikuwa na daktari wa moyo anayetujia kutoka jijini kila baada ya miezi mitatu. Kijana mpole, umri wa kitindamimba wangu, mashine yake ya picha anaibeba kwenye begi la mgongoni. Siku akija, watu wanapanga foleni tangu kuna ukungu: wa Korogwe mjini, wa milimani, wa Handeni huko ndani. Mimi ndiye nilikuwa msaidizi wake, si kwa kupenda. Mganga mkuu wetu alisema mimi ndiye mzoefu, na huku kwetu ukiitwa mzoefu ujue umeongezewa kazi.

Siku ninayoisema, daktari aliniita kabla ya wagonjwa kuanza. Alisema leo kuna mmoja atampima kwa mapovu. Nikadhani ananitania. Akachukua mabomba mawili ya sindano, akayaunganisha kwa kikoki kidogo cha plastiki, moja akalitia maji ya dripu na hewa kidogo, jingine tupu. Akawa anasukuma maji huku na huku, huku na huku, kwa nguvu, mpaka yakawa meupe kama maziwa. Alisema mapovu hayo ni madogo mno, hayaui mtu. Damu peke yake kwenye mashine inaonekana nyeusi, lakini mapovu yanang'aa meupe. Ukiyatia kwenye mshipa wa mkono yanafika upande wa kulia wa moyo, kisha yanakwenda kwenye mapafu, na yakifika huko yanaishia huko huko. Kwa hiyo ukiyaona yametokeza upande wa kushoto haraka haraka, ujue moyo una tundu katikati, na yamepita mlango wa uani.

"Umenielewa, sista?"

"Nimekuelewa, dokta."

Na kweli nilikuwa nimemwelewa, wallahi. Kutokuelewa kungekuwa nafuu yangu.

Tukiwa tunasubiri umeme urudi, akanipa na hadithi. Alisema wenzetu wa mbali wana mapovu yanayotengenezwa kiwandani, yamefunikwa ngozi nyembamba ya mafuta, yanadumu kwenye damu dakika kadhaa. Wengine wanajaribu kuyapakia dawa ndani yake, yanasafiri mpaka penye ugonjwa, halafu mashine inayapasua kwa mawimbi ya sauti, dawa inamwagika pale pale inapotakiwa. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi hapa pamba naazima wodi ya wazazi." Akacheka. Nilimpenda, sisemi uongo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mgonjwa mwenyewe alitoka Sindeni. Mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mkulima, mama wa watoto wawili. Alikuja na mama yake mzazi, kizee chembamba, kimejifunga kanga kiunoni kama kinakwenda kulima. Wote Wazigua kama mimi, tukaamkiana kwa Kizigua, mama akashusha pumzi kidogo. Akaniambia binti amepigwa mara mbili. Mara ya kwanza akiwa anapalilia mahindi, mkono ukafa, jembe likamtoka, kufika jioni mkono ukarudi. Mara ya pili ukaenda mkono na mguu, na mguu haukurudi sawasawa. Presha hana, sukari hana. Watu wanasema kiharusi ni cha wazee, sasa huyu kimempataje?

Daktari alimjibu kwa upole. Alisema huenda moyo una tundu dogo alilozaliwa nalo. Damu ikiganda mguuni, kijibonge kinapita kwenye tundu hilo kinapanda kichwani. "Tukiliona, mama, tunampa rufaa, watamziba bila hata kumpasua kifua. Tusipoliona, sitajua kinachompiga, na anaweza kupigwa tena."

Mama alinigeukia mimi. "Sista, nilizaa wanne. Amebaki huyu."

Nikamwambia asijali. Ndivyo tunavyosema.

Binti akalala kitandani ubavu wa kushoto, daktari akampaka jeli, akageukia kioo cha mashine akatupa mgongo. Mimi nikakoroga. Huku na huku, huku na huku, maji yakawa meupe safi. Nikalichomoa bomba. Mama alikuwa amesimama karibu na miguu ya mwanawe, akaona lile povu, akapiga ukelele, "Sista! Hewa! Mbona unamtia mwanangu hewa!"

Na mikono yangu ikafanya kazi yake. Ikaliinua bomba likatazama dari, ukucha ukagonga, mara mbili tatu, povu likapanda, kidole kikasukuma. Povu jeupe likanitiririkia kwenye glovu, likadondoka sakafuni. Nilichobaki nacho ni maji, meupe kidogo tu. Nikalichomeka bomba kwenye kanula aliyofungwa mshipani, nikayasukuma haraka kama nilivyofundishwa.

Nilijua pale pale. Asije mtu akanitetea kwamba sikujua. Niliitazama glovu yangu ikiwa imejaa mapovu, nikajua.

Kwenye kioo vikapita vinukta vichache upande wa kulia, vya kuhesabika. Upande wa kushoto hakuna kitu. Daktari akasema bila kugeuka, "Ndiyo yote hayo?"

"Ndiyo yote, dokta."

"Ulikoroga vizuri?"

"Nilikoroga vizuri."

Akasema afadhali turudie. Hapo mama akaanza kulia, binti naye akalia kwa kumwona mama analia, akasema hataki tena, mkono unamuuma. Nje foleni imefika kwenye ngazi, watu wanagonga mlango. Daktari akanitazama mimi, mzoefu. Ningesema neno moja tu angerudia. Ningesema, "Dokta, niliyatoa." Ni maneno mawili hayo. Niliona aibu. Umri wangu, miaka yangu yote kazini, nimefundishwa asubuhi kitu kimoja, na nimeshindwa kukifanya mbele ya kijana wa kumzaa. Nikasema, "Wamechoka hawa, dokta. Na picha si umeiona?"

Akaandika kwamba tundu halikuonekana. Akawaandikia vidonge vya kulainisha damu, akawaambia warudi kliniki. Mama akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwamba moyo wa mwanawe ni mzima.

Miezi iliyofuata sikuwa mtu. Sikukosa kazini hata siku moja, na nilikuwa mkali kuliko kawaida, wenzangu walinikimbia. Nilijiambia huenda tundu halikuwepo kweli. Nilijiambia vidonge vitamsaidia. Nilijiambia atakuja kliniki, nitamnong'oneza daktari apime tena, mambo yaishe kimya kimya. Hakuja. Kila mgonjwa aliyetaja Handeni nilikuwa namkodolea macho.

Siku moja alikuja mama mmoja wa Sindeni, analeta mtoto mwenye degedege. Nikiwa namfunga kanula nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kama anamjua mwanamke fulani aliyepooza mguu, mkulima, ana mama yake mwembamba.

"Yule aliyerogwa na mamaye?" akasema.

Nikamwambia, "Ebo! Nani kasema?"

Akanieleza bila wasiwasi wowote, kama mtu anayekueleza bei ya mahindi. Yule binti alipelekwa hospitali kubwa Korogwe, akapimwa kwa mashine ya daktari wa jijini, mashine ikasema moyo mzima. Sasa kama moyo mzima, presha hana, sukari hana, kinachompiga nini? Upande wa mume wakaenda kwa mganga. Mganga akasema mkono uko karibu, ni wa damu yake. Watu wakahesabu: yule mama alizaa wanne, watatu wamezikwa, na huyu wa nne anakwisha. Basi hesabu ikatimia. Walimfukuza kwa mkwewe kwa mawe, akakimbilia kwa kaka yake Kang'ata. Vidonge vya hospitali wakaviacha, maana vya nini na moyo ni mzima. Na kama mwezi hivi umepita, binti amepigwa tena. "Safari hii kimechukua ulimi," alisema. "Anatoa sauti tu, maneno hayatoki."

Nilimaliza kumfunga mtoto wake kanula. Nikaenda chooni, nikajifungia, nikalia kwa sauti mpaka msafisha choo akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Daktari alipokuja safari iliyofuata nilimngoja mlangoni, hata begi hajalitua. Nikamwambia yote, sikuficha glovu wala uongo. Alilitua begi, kisha akasema, "Sista, nilikuuliza. Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza, mwanangu."

"Mlete. Kesho bado nipo."

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningeshukuru.

Nilipanda gari la Handeni mchana ule ule, nikashuka Sindeni, nikaulizia. Mume nilimkuta anapukuchua mahindi uani. Si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka kama mimi. Alisema, "Mlisema mzima." Nikamwambia kipimo kiliharibika, kirudiwe, nauli juu yangu. Binti alikuwa kwenye jamvi, mdomo umepinda kidogo. Aliniona, akanitambua, akatoa sauti ndefu isiyo na neno. Sijui kama alikuwa ananisalimia au ananitukana. Nikasema na mama mzazi naye aje. Mume akasema huyo akikanyaga, yeye haendi. Basi sikubishana naye. Nikarudi kwetu, nikatafuta namba ya kaka mtu wa Kang'ata kwa kuulizia watu, nikampigia mwenyewe.

Kesho yake mama alikuja na gari la kwanza, kabla mume hajamleta binti. Alikuwa amekonda zaidi. Hakuingia ndani; alikaa chini kwenye ukuta wa getini, mbali, ili mkwewe asimwone.

Daktari alinipa mabomba mimi. Nilidhani atanipokonya kazi ile, na nilitamani anipokonye. Alisema, "Koroga, dunga. Usiinue mkono." Nikakoroga. Nikalichomoa bomba jeupe, limejaa hewa, na mkono wangu ukataka kupanda, jamani, ulipanda nusu, nikauzuia kwa mkono wa pili. Nikasukuma.

Upande wa kulia ukawaka wote mweupe. Halafu kabla sijavuta pumzi ya pili, yakaanza kupita. Moja, mawili, kisha kundi zima, yanapita katikati ya moyo wa mtoto wa watu kama watu wanaotoka msikitini. Daktari akasema, "Lipo." Mume akauliza lipo nini. Daktari akaanza kumweleza, na mimi nikatoka nje.

Nilichuchumaa mbele ya yule mama pale ukutani. Nikamwambia mwanawe ana tundu kwenye moyo, la kuzaliwa, na damu iliyoganda imekuwa ikipita hapo.

Akauliza, "Siku ile lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, mama."

"Mbona mashine haikuliona?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kizigua, pole pole, kwamba mapovu yale yalikuwa ndiyo kipimo, nami niliyatoa. Kwamba daktari aliniuliza nikadanganya. Nilimwambia na kwa nini: aibu. Nilingoja anipige kofi. Nilikuwa nimeliandalia shavu.

Aliifungua kanga kiunoni, akaifunga upya. Alipokuja kusema, hakuwa ananiangalia. "Kwa hiyo si mimi," alisema. "Kuna siku nilianza kujiuliza, sista. Watu wote wakisema, unaanza kujichunguza. Labda nilimtazama vibaya. Labda nililala nikatoka bila kujijua."

Loo. Nimezalisha, nimefunga macho ya wafu, nimesikia mengi. Sijawahi kusikia neno lililonipiga kama lile.

Nikamwambia nitamwandikia barua, nitamwomba daktari asaini, tugonge na muhuri. Akatikisa kichwa. "Karatasi watasema nimeinunua. Uje useme kwa mdomo wako."

Rufaa ilitoka. Binti alipelekwa jijini, wakamziba lile tundu kwa kupitisha kifaa kwenye mshipa wa paja, akarudi. Anatembea. Hajapigwa tena. Ulimi haujarudi, na daktari amesema hana ahadi ya kunipa. Mimi nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa chumba cha picha, nikapelekwa kusafisha vidonda. Nilistahili zaidi ya hapo. Na kwa yule mkwe bado mama alikuwa marufuku, maana upande wa mume walisema tundu sawa, lakini tundu nalo nani kalitoboa?

Basi nikaenda Sindeni mara ya pili. Mwenyekiti wa kijiji alituita ofisini kwake siku ya Ijumaa baada ya swala. Walikuja wengi, upande wa mume wote, na wasiohusika zaidi ya wanaohusika. Mama alikaa peke yake kwenye benchi, hakuna aliyemkaribia. Nilisimama nikiwa na sare yangu ya kazi, niliivaa makusudi. Nikawaambia mimi ni nani. Nikawaambia binti alizaliwa na tundu, aliumbwa nalo, hakuna mkono wa mtu. Nikawaambia hospitali ilisema moyo mzima kwa sababu mimi nilimwaga kipimo nikamdanganya daktari, na wao wakaacha vidonge kwa uongo wangu, na ulimi wa binti ukaenda kwa uongo wangu.

Mzee mmoja, mjomba wa mume, akainua mkono. "Lakini sista, si ulitoa hewa kwa sababu huyu mama alipiga kelele? Hapo huoni kitu?"

Nilipandwa na hasira mpaka nikasahau uchovu. Nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu. Kelele za hewa nimezisikia tangu hujaota mvi. Mkono ulionyanyuka ni wangu. Na nilipoulizwa nikasema uongo, mdomo ulikuwa wangu. Huyu mama hakuwa ndani yake. Mkitafuta mtu wa kumfukuza kwa mawe, nimesimama hapa."

Mwenyekiti akakohoa, akauliza upande wa mume kama wana neno. Mume akasimama, akatazama chini, akasema mama arudi nyumbani. Akakaa. Hakuomba radhi, wala hakuombwa na mtu aombe.

Mama alinisindikiza mpaka barabarani. Tulisimama kando ya lami kusubiri gari la Korogwe. Nilitaka kumwomba msamaha tena. Gari likaonekana linashuka mlima, nikainua mkono kulisimamisha.

"Sijakusamehe, sista," alisema. "Usije ukaondoka ukadhani nimekusamehe. Yule mtoto alikuwa anaimba akipika, na sasa haimbi. Lakini leo wataniacha nimwogeshe."

Gari likasimama. Nikapanda.